Magari Sitini na Moja ya Shemeji

Shemeji yangu hajawahi kununua kiberiti. Nasema kwa uhakika, kwa sababu tumeishi nyumba jirani miaka kumi na mmoja na kila akitaka kuwasha jiko huja kugonga kwangu. Chumvi huja kuomba, wembe huja kuomba, na gazeti hulisoma akiwa amesimama mbele ya muuzaji, ukurasa hadi ukurasa, mpaka muuzaji amtolee macho. Mtaani wanamwita Birika, kwa ajili ya mkono wake. Mbele yake wanamwita Mwalimu, maana kazi yake ni kufundisha watu kuendesha gari.

Aliyeolewa naye ni mdogo wangu. Alimpendea nini sijui, na nimeacha kuuliza. Walikuwa na shule ya udereva: chumba kimoja cha kupanga juu ya duka la rangi, na gari moja dogo jeupe lenye pedali mbili za breki, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu. Mdogo wangu alifundisha darasani. Alikuwa na meza kubwa iliyochorwa barabara, njia panda na vivuko, na juu yake vigari vya plastiki alivyovisukuma kwa kidole huku akiuliza, "Hapa nani anapita kwanza?" Birika alifundisha barabarani. Mimi nina gereji ya matairi na breki, mita mia nne kutoka shuleni kwao, na gari lao lilikuwa likitengenezwa kwangu.

Likitengenezwa, nasema, si likilipiwa. Birika alikuwa na desturi ya kusema mbele za wateja wangu kwamba mkono wa mwanamke haukazi nati sawasawa, halafu dakika tano baadaye ananivuta pembeni: "Shem, hii si ya nyumbani tu?" Hela ya klachi nilikuwa namdai tangu mvua za mwaka uliotangulia.

Gemu aliipatia kwenye foleni ya ofisi ya leseni. Alikuwa amekaa kwenye benchi saa tatu, akachoka kuangalia kisogo cha aliye mbele yake, akafungua simu. Tangazo likamwambia kuna mchezo wa mbio za magari, wa kweli kweli, wa bure. Aliposikia neno hilo la mwisho hakuhitaji kusikia jingine. Jioni ile alikuja kwangu kuomba kiberiti akiwa anachekacheka.

"Bure kabisa, shem," akaniambia. "Watu wengine wajinga sana. Wamekaa miaka wakatengeneza kitu kizuri hivi, halafu wanakigawa."

"Labda wana roho nzuri," nikasema.

"Hawana akili," akasema, akatia kiberiti changu mfukoni.

Alinieleza kwamba huo haukuwa mchezo wa watoto. Unaiga ukweli. Mafuta yanaisha. Matairi yanalika. Injini ikichemka unasimama, ukigonga ukuta mlango unabonyea na lazima utengenezwe. Alisimulia haya kwa fahari, mtu ambaye amekaa ndani ya gari miaka ishirini na ambaye gari lake halisi lilikuwa linakula matairi, linachemka na kubonyea milango bila kumfurahisha hata siku moja.

Miezi mitatu ikapita. Siku moja akaleta gari, breki zinalia. Nikaingia chini, yeye akakaa juu ya rundo la matairi mabovu na simu yake. Nilipotoka kuchukua spana nikachungulia. Kwenye kioo kulikuwa na gereji nyeupe kama chumba cha upasuaji, na gari jekundu limenyanyuliwa juu ya jeki. Fundi wake amevaa ovaroli ambalo halina hata tone la grisi. Chini pameandikwa: *Fundi anashughulikia gari lako. Zimebaki saa sita na dakika arobaini.* Na chini zaidi kitufe cha kijani: *Maliza sasa.*

Birika akabonyeza. Fundi akainua kidole gumba, gari likashuka, likang'aa.

"Umelipa?" nikauliza.

"Sarafu za dhahabu tu. Za mchezo."

"Unazipata wapi?"

"Ukishinda wanakupa."

"Na usiposhinda?"

Akanitazama kama niliyemchungulia bafuni. "Unaongeza kidogo, kwenye simu. Ni bei ya soda, shem. Bei ya soda tu!"

Nilirudi chini ya gari lake nikacheka mpaka kichwa kikagonga ekseli. Mtu huyu, ambaye kwa nati mbili huniomba nipunguze na kwa tatu huniomba nisamehe, alikuwa amemlipa papo hapo, bila kuomba hata senti ipunguzwe, fundi ambaye hayupo, kwa kazi ambayo haijafanyika, kwenye gari ambalo halipo. Na alimlipa ili asisubiri! Mimi pedi zake za breki nilizimaliza kwa dakika thelathini, akaondoka akisema tutaonana mwisho wa mwezi.

Baada ya siku ile nilianza kumfuatilia kwa makusudi, kwa raha zangu. Nilikuwa nikimwuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kujifunza, naye, ambaye hakuna aliyewahi kumwuliza lolote, alikuwa ananieleza yote. Gari la kwanza walimpa bure kweli. Lilishinda mbio sita. Ya saba likashindwa, ya nane likashindwa, na ghafla likatokea gari jingine lenye bei iliyopunguzwa kwa saa mbili tu, hapo saa inahesabu kurudi nyuma, sekunde kwa sekunde. Bei haikuwa ya hela, ilikuwa ya dhahabu. Gari lilikuwa sarafu mia sita, na sarafu zilikuwa zinauzwa kwa furushi la mia tano na hamsini. Kwa hiyo unanunua mafurushi mawili, unabaki na sarafu mia tano zinazokuwasha, na wiki inayofuata linakuja gari la sarafu mia saba.

Alipomaliza magari, zikaja barabara. Za milimani hulipiwa, za mvua hulipiwa. Kisha tiketi ya mwezi. Kisha makasha yaliyofungwa, ambayo unalipa kwanza ndipo ujue kilichomo. Alifungua makasha kumi na moja akitafuta gari la bluu, akapata honi tisa na rangi mbili za rimu.

"Honi tisa," nikamwambia. "Hongera. Hata treni haina honi tisa."

Hakucheka. Alisema kasha la kumi na mbili ndilo lenye uwezekano mkubwa.

Halafu akanunua usukani wa plastiki na pedali zake, vya mtumba, akaviunganisha na kompyuta kuukuu ya ofisi kwenye stoo nyuma ya darasa, kati ya ndoo ya kudekia na viti vilivyovunjika. Mdogo wangu alinionyesha. Gari lake halisi limeegeshwa chini, lina usukani na pedali na vioo vyote, na yeye yuko juu kwenye kiti cha plastiki, anazungusha usukani wa plastiki, jasho linamtoka.

Nilishika tumbo. Mdogo wangu naye alicheka, ila kidogo.

"Angalau halewi, dada," akasema. "Na ni ya bure."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilikuwa najua kuhusu sarafu, mafurushi na makasha, yeye hakujua. Lakini nilikuwa nimemvumilia Birika miaka kumi na mmoja. Nilikuwa nimemkatia keki kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani ambapo hakualikwa, nimemfungia nati ambazo mkono wangu eti hauwezi kuzikaza. Nilitaka aumbuke mwenyewe, hadharani, na mimi niwepo. Kwa hiyo nikasema, "Ndiyo, angalau halewi," tukashuka ngazi.

Mdogo wangu alikuwa anaweka akiba kwa ajili ya matairi. Alijua matairi ya mbele yamechoka. Mwezi mmoja akampa Birika hela za mawili, mwezi uliofuata za mawili mengine, na akaambiwa yamewekwa. Birika alikuja gerejini kweli. Nikapitisha kiganja juu ya matairi ya mbele, yakawa laini kama sahani. Vipara kabisa.

"Haya yamekufa, shem," nikamwambia.

"Bado yana maisha. Nihamishie ya nyuma mbele, ya mbele nyuma."

"Ya nyuma nayo yanakaribia. Mkeo hakukupa hela?"

"Mambo ya mimi na mke wangu unaingiaje?" Akaketi juu ya rundo lake, akafungua simu. Nikaona matairi mapya yanavalishwa gari jekundu, manne kwa pamoja, mazuri ya mvua.

Nikahamisha. Bure. Nikampa ufunguo, akaondoka.

Jioni mdogo wangu akapiga simu. "Dada, alikuja kwa ajili ya matairi?"

"Alikuja."

"Sasa liko vizuri?"

"Muulize bingwa wa mbio mwenyewe," nikasema.

Akacheka, akaniaga. Mimi nikabaki najichekea, nikisubiri siku ambayo angeyaona kwa macho yake.

Sasa kulikuwa na mwanafunzi wao mmoja, mwalimu mkuu mstaafu, mama wa miaka sitini na mitatu ambaye kila mtu alimwita Madam. Marehemu mume wake hakuwahi kumruhusu kushika usukani. Miezi sita baada ya msiba alipanda ngazi za shule ya udereva, akalipia masomo ishirini kwa mkupuo, akasema anataka kufika popote anapotaka bila kumwomba mtu. Aliendesha polepole mno, mikono yote miwili imebana usukani, akisoma kila alama ya barabarani kwa sauti.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, manyunyu. Hilo lilikuwa somo lake la kumi na tatu. Kwa Birika ilikuwa siku ya saba ya mbio maalumu. Gemu ilikuwa imemwahidi kwamba atakayekimbia siku saba mfululizo, saa nne hadi saa nne na nusu, atapata gari ambalo haliuzwi. Siku sita alikuwa ameshapita. Aliniambia mwenyewe Jumatatu, macho yanamng'aa: "Haliuzwi, shem. Wanakupa tu."

Yaliyotokea ndani ya gari tuliyapata kwa Madam. Alisema walipofika kwenye mteremko wa kuelekea kiwanda cha mbao, Birika alimwambia, "Unaendesha vizuri sana, endelea moja kwa moja." Alishangaa, kwa sababu masomo kumi na mawili yote alikuwa hajawahi kusifiwa. Akageuza macho kidogo. Akamwona ameinamia simu, ameishika kwa mikono miwili, anaiinamisha kushoto na kulia na mabega yanafuata.

Lori la mbao likatoka getini. Madam akafanya kama alivyofundishwa: akakanyaga breki. Magurudumu yakasimama, gari halikusimama. Likateleza kama sabuni. Birika alipoinua kichwa akakanyaga pedali yake naye, na hiyo haikusaidia chochote. Walilikosa lori kwa hatua mbili, wakagonga nguzo ya zege upande wa dereva.

Mimi niliitwa kuja kulivuta. Nilipofika, Madam alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara, mkono wa kulia ameupakata kama mtoto, uso umekuwa wa majivu. Birika hakuwa na hata mkwaruzo. Alikuwa amepiga magoti kando ya mlango, amejipenyeza mpaka kiunoni chini ya kiti. Nikadhani anatafuta miwani ya Madam. Miwani ilikuwa kwenye lami, nyuma ya kisigino chake, kioo kimoja kimetoka. Kutoka chini ya kiti ikasikika sauti ya watu wengi wakishangilia. Birika akatoka na simu, akaifuta kwa shati.

Nimewahi kuwadharau watu wengi. Siku ile nilijua kwamba bado sijawahi kudharau.

Hospitali walisema kifundo cha mkono kimevunjika sehemu mbili. Tulimkuta Madam kwenye benchi la korido, plasta bado mbichi. Mdogo wangu akaketi kando yake. Birika akaanza kabla hajaulizwa.

"Madam, pole sana. Ile barabara ina utelezi mbaya. Na kwa kweli uliwahi kidogo kukanyaga..."

"Simama vizuri unapoongea na mimi," Madam akasema.

Akasimama vizuri. Mtu wa miaka arobaini na sita, mikono ikashuka mapajani yenyewe.

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naangalia ujumbe, Madam. Wa dharura."

"Ujumbe unaoshangilia?"

Mgonjwa wa benchi la pili akageuka kusikiliza vizuri.

"Nimefundisha miaka thelathini na minne," Madam akasema, sauti haikupanda. "Watoto wa miaka saba wameniletea uongo uliotungwa kwa bidii kuliko huo. Utalipa hospitali hii. Nina masomo saba yamebaki, nitayasoma, na sitayasoma kwako. Na ofisi ya leseni nitawaandikia barua. Mkono wa kushoto pia naandikia, usijali."

Hapo mdogo wangu akauliza, "Lakini liliteleza vipi? Si tuliweka matairi mapya?"

Birika akaangalia sakafu. Halafu akaniangalia mimi.

Hiyo ndiyo saa niliyokuwa naisubiri. Watu wapo, ushahidi upo, na Birika amesimama katikati amekauka. Nikataka kufurahi, furaha haikuja.

"Dada," mdogo wangu akasema, "si uliniambia alikuja?"

"Alikuja. Hakununua."

"Ulijua?"

Madam alinigeukia polepole, akanitazama kwa muda, kisha akarudi kuangalia plasta yake, kama mtu aliyeona daftari la pili lina makosa yaleyale na hana tena wino mwekundu.

Unaweza kudhani Birika alijifunza. Siku ya tatu alikuja kwa jirani yangu, fundi simu, mwanamume mpole mwenye miwani mizito, akaweka simu yake juu ya kaunta kwa heshima.

"Nina magari sitini na moja," akasema. "Nataka kuyauza nilipe hospitali. Nisaidie bei."

Nikaacha kazi nikasogea. Sikuweza kujizuia.

Fundi simu akapekuapekua, akafungua ukurasa mrefu wa maandishi madogo. "Haya uliyakubali siku ya kwanza," akasema. "Yanasema hakuna gari lako hata moja. Wamekuruhusu kuyatumia. Wanaweza kukunyang'anya siku yoyote, na ukiuza wanakufungia."

"Lakini nimelipa."

"Umelipia ruhusa."

"Hilo la rangi ya fedha nimelipia sarafu elfu mbili na mia nne!"

"Ruhusa ya fedha, basi." Akaomba kuona jumbe za malipo. Zilikuwa za miezi ishirini na mbili. Alizijumlisha kwa kikokotoo, akarudia kwa sababu hakuamini, akageuza kioo tuone. Hela hizo zilitosha kununua gari jingine dogo kama lile jeupe, la mtumba, na matairi yake manne. Zote zimetoka bei ya soda kwa bei ya soda, na kila mara ameambiwa asante.

Birika hakukubali. Aliondoka akatafuta mnunuzi mwenyewe mtandaoni, mtu asiyemjua, aliyemwahidi kumtumia hela akishakagua "mali". Akampa nywila. Yule mtu akakagua, akabadilisha nywila, akapotea na magari yote sitini na moja, na honi tisa.

Alikuja kunieleza, akaketi juu ya rundo la matairi, akalia. Kulia kweli, na makamasi.

"Pole, shem," nikamwambia. "Magari sitini na moja kuibwa kwa siku moja! Polisi hawana hata fomu ndefu hivyo."

Akaendelea kulia. Nilimsubiri aulize hali ya Madam. Alikaa nusu saa, hakuuliza.

Kesho yake mchana mdogo wangu akaja. Nilikuwa navaa glavu, nikaanza kwa furaha, "Umesikia ya mumeo na mwizi wa—"

"Funga mdomo kwanza," akasema.

Katika maisha yetu hajawahi kuniambia hivyo. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni, mimi ndiye niliyemfundisha kufunga viatu.

"Yule ni mjinga," akasema. "Najua. Naishi naye, ulidhani sijui? Kwake nina maneno yangu na ameshayasikia. Nimekuja kwako. Wewe si mjinga. Ulipitisha mkono wako kwenye tairi ukajua limekufa. Ukalifunga tena kwenye gari, ukatoa ufunguo."

"Lilikuwa gari lenu. Nilimwambia."

"Ulimwambia yeye! Nilikupigia simu mimi. Nilikuuliza liko vizuri? Ungesema neno moja tu, dada. *Hajanunua.* Neno moja. Ukanifanyia mzaha."

"Nilitaka umwone alivyo."

"Ulitaka umwone wewe. Uwe na cha kucheka." Aliangalia huku na huku gerejini, jeki, spana zilizopangwa ukutani kwa ukubwa, kibao changu cha bei. "Siku zote unacheka. Nilikuwa nadhani unacheka na mimi."

Kwa kawaida nina majibu mengi, na makali. Nilisema tu kwamba nitachangia hela za hospitali.

"Changia. Mpelekee Madam mwenyewe, mkononi," akasema, akaondoka bila kuniaga.

Nilimpelekea. Madam alihesabu noti kwa mkono wa kushoto, akaniandikia risiti, akaniambia nifunge geti ninapotoka.

Barua yake ilifanya kazi. Ofisi ya leseni ilimnyang'anya Birika kibali cha kufundisha kwa mwaka mzima. Mdogo wangu, aliyekuwa na leseni tangu kabla hajaolewa, alienda kozi ya wakufunzi wiki tatu, akafaulu wa pili kati ya watu kumi na tisa, akakalia kiti cha mwalimu. Birika akapelekwa darasani kwenye meza ya vigari. Nasikia anagombana na wanafunzi kuhusu nani apite kwanza. Usukani wa plastiki aliuuza kwa bei ya chakula cha mchana, simu yake mkewe alimbadilishia ya vitufe, na kila mwisho wa mwezi anatoa deni la hospitali huku uso wake ukiwa kama anang'olewa jino. Hadi leo simheshimu, na sioni sababu ya kuanza.

Madam alirudi plasta ilipotoka. Alisoma masomo yake saba na mengine manne ya kuongeza. Jaribio la kwanza alifeli kurudi nyuma, la pili akafaulu. Sasa namwona akipita na gari la marehemu mume wake, polepole mno, midomo inacheza, nadhani bado anasoma alama.

Na gari jeupe haliji kwangu tena. Mdogo wangu analipeleka kwa fundi wa upande wa pili wa mji, mwendo wa nusu saa, na ananisalimu tukikutana mlangoni kama mtu anavyomsalimu jirani. Wiki iliyopita lilipita mbele ya gereji, mwanafunzi mgeni kwenye usukani, yeye pembeni, macho mbele. Matairi manne mapya. Nililitazama mpaka kona. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa limeinama kidogo kwa ndani. Fundi wao hakulinyoosha vizuri, na katika miezi miwili litaanza kula tairi upande mmoja.

Nikapiga simu. Iliita muda mrefu.

"La mbele kushoto halijanyooka," nikasema. "Limeinama ndani. Lisikae hivyo."

Nikasikia kiashirio cha gari kikigonga, na mwanafunzi akiuliza kama aende.

"Subiri kwanza," mdogo wangu akamwambia. Halafu, kwangu, "Nimesikia. Nitamwambia fundi wangu."

"Mwambie leo."

"Leo," akasema, akakata.